Risotto ya uyoga: kwanza acha kuosha mchele, mengine tutaelewana

MwikoMrefu

Wakuu, habari za Jumapili.

Juzi kwenye uzi mwingine humu mtu kaweka picha ya risotto ya uyoga, ule wali laini wa Kiitaliano, aliyopika nyumbani. Imesimama katikati ya sahani kama kichuguu, na juu yake kamwagia krimu ya boksi. Watu wakamsifia. Mimi nikaandika jibu, nikalifuta, nikaandika tena, mwisho nikaona limekuwa refu kuliko uzi wa mwenyewe. Basi nafungua wangu. Mwenye picha karibu sana, usinichukie.

Niko Novara, kaskazini mwa Italia, mwaka wa sita huu. Kazi yangu ni kumtunza bibi mmoja wa miaka themanini na kitu, na kazi hiyo ina jiko ndani yake. Novara, Vercelli na Pavia ndiko mpunga wa Italia ulikojaa, na hakuna nchi ya Umoja wa Ulaya inayolima mpunga mwingi kama Italia. Mwezi wa nne na wa tano majaruba yanafunguliwa maji, na siku ya anga safi ukipita na treni unauona mlima Monte Rosa na theluji yake umelala kichwa chini ndani ya shamba la mtu. Maji mengi ya huku yanaletwa na Mfereji wa Cavour, uliochimbwa kati ya 1863 na 1866 kuyavuta kutoka mto Po. Mbu nao wapo. Mtu wa Ifakara akija huku mwezi wa saba hatajiona mgeni.

Siku ya kwanza bibi aliponiambia nipike risotto, nilifanya kama ningefanya kwetu Tanga. Nikamwaga mchele kwenye ungo wa plastiki nikauchagua (jiwe hata moja hamna), nikauosha maji matatu mpaka yakatoka safi. Bibi alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani. Alipoona yale maji meupe yanaingia kwenye sinki alijishika kichwa kwa mikono miwili kama aliyepigiwa simu ya msiba. Kiitaliano changu kilikuwa cha salamu na dawa tu, lakini nilielewa: kile cheupe nilichomwaga ndicho alichokuwa anataka kula.

Na hapo ndipo siri yote ilipo. Ule ulaini mnaousifia hautoki kwenye boksi, unatoka kwenye mchele. Sisi tunaosha ili wali uchambuke, punje moja moja. Wao wanataka wanga wote ubaki, uyeyuke kwenye supu, ushikane na siagi na jibini. Ni mchele ule ule jamii moja na wetu, ila kazi waliyoupa ni nyingine.

Mchele wenyewe ni mfupi, mnene, na katikati ya punje una doa jeupe kama chaki. Aina utakazokutana nazo ni tatu. Arborio ina jina la mji mdogo wa huku Vercelli. Inapatikana kirahisi, ila ukichelewa dakika mbili imeshapondeka. Vialone Nano ni ya upande wa Verona, punje ndogo zinazokunywa supu vizuri. Carnaroli ilizalishwa 1945, ina amilosi (aina ya wanga) nyingi zaidi, kwa hiyo nje inalainika huku moyo wa punje umesimama. Bibi nyumbani kwake haingizi nyingine. Ukiwa unajifunza, anza na Carnaroli kama mfuko unaruhusu, maana inakupa nafasi ya kukosea.

Haya, kwa watu wanne.

Uyoga kwanza. Loweka gramu 25 za porcini (uyoga pori wa huku wenye harufu nzito) zilizokaushwa kwenye maji ya uvuguvugu kwa nusu saa. Yale maji yatakuwa na rangi ya chai ya rangi. Usiyamwage, yachuje kwa kitambaa maana chini kuna mchanga. Halafu uyoga mbichi kama gramu 350, huku wanatumia champignon, weupe au wa kahawia. Usiuloweke, upanguse. Kaanga kwenye kikaango kipana chenye moto mkali na mafuta ya zeituni, kidogo kidogo. Utatoa maji, subiri yakauke, subiri tena mpaka uanze kupiga kelele na kupata rangi. Chumvi mwisho. Wengi wetu hapa ndipo tunapoharibu: tunajaza kikaango, uyoga unachemka badala ya kukaangika, unatoka kama sponji ya kuoshea vyombo.

Supu ya mboga lita moja na nusu: kitunguu, karoti, selari, vishina vya uyoga kama unavyo. Ikae jiko la pembeni ikitokota taratibu muda wote. Ukiweka supu baridi mchele unashtuka, mapishi yanasimama.

Sasa chukua sufuria pana na zito. Nusu kitunguu kilichokatwa kidogo kama punje za mchele, siagi gramu 30, moto mdogo, dakika kumi. Kilainike, kisibadilike rangi. Mwaga mchele gramu 320, mkavu. Hatua hii wanaiita tostatura, na hapa macho hayakusaidii, tega sikio. Mwanzo mchele unanong'ona kwenye siagi. Baada ya dakika mbili tatu unaanza kulia kama changarawe kwenye bati. Gusa punje kwa mgongo wa kidole, ikikuunguza, tayari. Mimina nusu glasi ya divai nyeupe, iache mpaka harufu kali ya pombe iondoke.

Kutoka hapo ni upawa na subira. Upawa mmoja wa supu, mchele ufunikwe juu juu tu, chochea, acha, chochea. Buruza mwiko chini ya sufuria: njia ikibaki wazi sekunde moja kabla ya kujifunga, ongeza upawa mwingine. Dakika ya tano tia yale maji ya porcini na porcini zenyewe ulizozikata. Uyoga wa kukaanga uingie mwishoni. Onja kuanzia dakika ya 14. Carnaroli kwangu inaiva kwenye 17 au 18. Usifunike. Usipalie. Usiende kuanika nguo.

Ikiwa bado na umajimaji kidogo kuliko unavyoitaka, zima moto. Iache dakika moja itulie. Kisha siagi ya baridi kutoka friji gramu 40, na jibini gumu la Parmigiano la kukunwa gramu 60, na uipige. Nasema uipige: mkono wa kulia unanyanyua kutoka chini na mwiko, wa kushoto unaitikisa sufuria. Hii ndiyo mantecatura. Kwa dakika moja utaona imebadilika, inang'aa, imekuwa kitu kimoja. Ukiinamisha sufuria iende kama wimbi, na ndivyo wanavyosema wenyewe, all'onda.

Sahani iwe tambarare. Bibi akishapakua anapiga kiganja chini ya sahani mara mbili, risotto inatambaa mpaka ukingoni. Isipotambaa ananitazama tu, nami najua niongeze supu.

mtoto_wa_bandari

Dada umeeleza vizuri sana, lakini mwisho wa siku hii si mashendea tu? Mashendea ya Kizungu.

MwikoMrefu

Nilijua utakuja 😂

Mashendea punje imepasuka, imeyeyuka, unakunywa. Hii unatafuna. Chukua punje moja, ibane kati ya vidole: katikati ibaki kidoa cheupe kidogo sana. Kidoa kikiisha, hapo ndiyo umeingia kwenye mashendea na mimi sitakutetea.

KijanaWaMbeya

Mkuu asante kwa uzi. Swali la mtu wa kipato cha kati: mchele wa Kyela hauwezi? Hapa Dar nimeuona huo Arborio supermaketi moja, pakti ya kilo bei yake nanunua kilo kadhaa za Kyela na chenji ya nauli.

MwikoMrefu

Nitakwambia ukweli, nilijaribu nilipokuja likizo. Kyela ni mchele wa heshima, lakini ulizaliwa kwa wali. Wanga unatoa kidogo, na ukiulazimisha utoe zaidi, punje inakatika. Na ile harufu yake nzuri inagombana na porcini, kila mmoja anataka kusikika.

Kilichonishangaza ni chenga. Mama alikuwa na chenga za vitumbua ndani, nikachanganya konzi moja ya chenga kwenye mchele ambao sikuuosha, nikauchagua tu. Chenga zikayeyuka zikatoa ule uzito, mchele mzima ukabaki wa kutafuna. Si risotto, siwezi kumpa bibi. Lakini kwa bei ya chenga nililamba mwiko. Angalizo: usipoosha, hakikisha mchele ni safi kweli, si ule wa gunia lililoburuzwa sokoni.

Umm_Sufuria

Assalaam aleikum dada. Mimi niko Muscat, huku uyoga na Arborio vimejaa madukani. Tatizo langu divai. Naambiwa pombe yote inaruka kwenye moto, lakini moyo hautaki. Kuna cha kuweka badala yake?

MwikoMrefu

Wa aleikum salaam. Usisikilize wanaokwambia inaruka yote; nyingine inaondoka, nyingine inabaki. Acha kabisa. Kazi ya divai pale ni uchachu, ili siagi na jibini visikuchoshe kwenye kijiko cha tano. Changanya kijiko kikubwa kimoja cha maji ya limau kwenye upawa wa kwanza wa supu, onja mwisho, kama inahitaji ongeza matone. Mimi mwenyewe sinywi, na siku bibi akilala mapema napika yangu hivyo.

Ila kuna jambo wengi hawalijui: jibini. Parmigiano Reggiano halisi inagandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa ndama, sheria yao haiwaruhusu kutumia kingine. Wako wanaoona haina neno na wako wasioila mpaka wajue ndama kachinjwaje; hilo ni lako na wanazuoni wako. Ukitaka kuwa na amani, tafuta jibini gumu la kukuna ambalo kibandiko kimeandikwa caglio vegetale (kimeng'enya cha mimea) au caglio microbico (cha vijidudu). Halitakuwa Parmigiano, lakini litafanya kazi.

Umm_Sufuria

Hilo la jibini sikulijua kabisa, miaka yote naangalia divai tu. Allah akulipe.

MpishiMalindi

Salamu kutoka Malindi, mji ambao hata muuza madafu ajua kusema buongiorno. Nimepika jiko la hoteli ya Mtaliano miaka minane, naomba nichangie, na mahali pawili nitakupinga dada.

La kwanza, huku kusimama na mwiko dakika kumi na nane. Hotelini hakuna mtu asimamaye hivyo kwa sahani moja. Mchana twaupika mchele hadi dakika ya tisa au kumi, twaumwaga kwenye trei kubwa, twautandaza upoe upesi, waingia friji. Mteja akiagiza, watoa konzi mbili, supu ya moto, uyoga, dakika sita saba umemaliza. Wageni wala na wasifu.

La pili, kuchochea. Ukichochea bila kupumzika wavunja punje. Nimejaribu kumwaga supu karibu yote kwa mpigo mmoja, moto mdogo, nachochea mara tatu nne, na mwisho naupiga sawasawa. Tofauti ni ndogo mno. Mpishi mkuu wetu, Mtaliano wa Bergamo, alionja asijue.

Uyoga: champignon za huku zina bei, mimi natumia mamama, ule uyoga wa oyster. Usiukate kwa kisu, uchane kwa vidole kufuata mistari yake, uukaange hadi kingo ziwe ngumu ngumu. Porcini haina mfano, lakini mamama iliyokaangwa vyema haikuaibishi.

MwikoMrefu

Fundi karibu. La trei nalikubali, hata mikahawa ya huku inafanya hivyo na hawasemi. La kuchochea nakubali nusu. Ni kweli si lazima ukoroge kama umelaaniwa, wanga unatoka wenyewe mchele ukigongana taratibu. Hata huku wapo wanaopika kwa sufuria ya presha, dakika saba wamekaa mezani. Lakini mtu anayeanza akimwaga supu yote kwa mara moja hajui kama ni nyingi au kidogo mpaka imeshakuwa uji. Upawa kwa upawa ni breki. Ukishajua kuendesha, endesha unavyotaka.

Chef_wa_Ghetto

Naona nimetajwa bila kutajwa. Mwenye picha ni mimi. Krimu niliweka kwa sababu nilipomaliza ilikuwa kavu na watoto wanalia njaa. Ikalainika, wakala, wakalala. Sasa kosa langu liko wapi?

MwikoMrefu

Kosa hamna kaka, watoto walishiba. Ila ungeongeza upawa mmoja wa supu ya moto na kijiko cha siagi ungefika pale pale, na bado ungesikia uyoga. Krimu inafunika. Unakula ulaini tu, hujui ndani kuna uyoga au kuku. Na ile kichuguu ilitokana na kuiacha ikae: risotto inaendelea kunywa hata ikiwa mezani. Huku watu ndio wanaoisubiri risotto. Bibi akisikia naanza mantecatura anataka kila mtu awe ameshakaa, hata mtoto wake aliye kwenye simu.

Chef_wa_Ghetto

Sawa mwalimu. Picha naiacha, ni kumbukumbu.

ShambaniIringa

Huku mvua za kwanza zikinyesha akina mama wanauza uyoga pori kando ya barabara, mwekundu, wa njano, mkubwa kama mwavuli wa mtoto. Huo si utakuwa mtamu kuliko wa kukausha?

MwikoMrefu

Utamu upo, nimekulia karibu nao. Lakini nunua kwa mama anayeujua tangu kwa bibi yake, na usiokote mwenyewe kwa kulinganisha na picha za mtandaoni. Kuna mmoja wa Ulaya unaitwa Amanita phalloides: walionusurika nao wanasema ulikuwa mtamu. Dalili zinachelewa saa sita na zaidi, unadhani umepona, kumbe ini linakwenda. Kupika hakuondoi ile sumu, kukausha hakuondoi.

Utaratibu wa huku naupenda: idara ya afya ya eneo ina ofisi ya wakaguzi wa uyoga. Msimu wa mwezi wa tisa na wa kumi unapeleka kikapu chako, mtaalamu anaupanga mezani mmoja mmoja, mbaya anautupa mbele yako. Niliwahi kumsindikiza mtoto wa bibi. Kati ya kikapu kizima walitupa mitatu, na yeye anaokota tangu ana miaka kumi. Njiani kurudi hakusema neno.

mtoto_wa_bandari

Swali la mwisho kabla sijaenda sokoni. Ikibaki, kesho napasha na maji?

MwikoMrefu

Ukipasha na maji ndiyo yale mashendea yako. Milano wana kitu kinaitwa riso al salto: risotto ya jana unaitandaza nyembamba kwenye kikaango chenye siagi, unaikandamiza, unaiacha bila kuigusa mpaka chini ifanye ganda la dhahabu, unageuza kwa sahani, upande wa pili vivyo hivyo. Wao huifanya zaidi na ile ya zafarani, lakini ya uyoga inakubali.

Kwa Kiswahili, ukoko. Tena ukoko wa makusudi. Bibi nilipomwambia kwetu watoto wanagombania ukoko wa chini ya sufuria, ndiyo siku ya kwanza aliniona kama mtu anayejua kupika.

KijanaWaMbeya

Wakuu narudi na mrejesho. Jana nimepika.

Nilijikaza nikanunua ile pakti. Porcini sikupata, nikatumia mamama wa kununua Kisutu na vishina vyake nikavichemshia supu. Tostatura nimeisikia kweli, changarawe kwenye bati, nikamwita wife aje asikilize, akaniuliza kama nina homa. Dakika ya 12 simu ikaita nikapokea, nikarudi imeshika chini kidogo. Nikaongeza supu, nikanyamaza. Ya limau badala ya divai nayo imekubali. Siagi na jibini nimepiga mpaka bega likauma, ikang'aa, nikapiga sahani chini kwa kiganja, ikatambaa! Wife kala sahani mbili.

Sasa mama mkwe yuko kwetu wiki hii. Nikampakulia, akaitazama, akachovya kijiko, akakiinua, ikadondoka taratibu. Akaweka kijiko chini akaniuliza kwa upole kabisa: "Baba, humu ndani nani anaumwa?"

MwikoMrefu

😂😂😂 Alimaliza sahani au hakumaliza?

KijanaWaMbeya

Alimaliza. Halafu akaomba pilipili na ndimu.